Wanaojua Hukaa Vitini

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia ukumbi wa maigizo na kiatu kimoja, mlangoni akanipokea Kinaya. Alikuwa mfupi, kavaa sare ya mlinzi, ana tochi. Miaka kumi na minne nawafundisha Kidato cha Sita kwamba katika tanzia, kinaya ni pale watazamaji wanapojua jambo asilolijua mhusika. Sikujua kwamba ana sare.

"Unajua?" akaniuliza.

"Najua."

"Basi ingia. Wasiojua hukaa jukwaani."

Jukwaani yuko Mama, peke yake, anachambua mchele kwenye ungo. Vitini wamejaa wanaojua: kaka yangu Shemdoe, dada yangu Mwanahawa, daktari, hata muuza genge wa mtaani kwetu. Sisi watoto ndio tuliokubaliana kumficha majibu ya hospitali, eti asivunjike moyo. Tulimwambia ni vidonda vya tumbo.

"Mwakani nikipata nafuu," Mama anauambia mchele, "nakwenda Lushoto kwa mdogo wangu, nikakae hata mwezi."

Ukumbi mzima unalia. Kila mtu ana beseni mapajani, na Kinaya anapita akimulika kuona kama limejaa.

"Huu ndio utakaso wa hisia," anatangaza. "Ukimaliza kulia unakwenda nyumbani mwepesi, unakula vizuri."

Beseni la Shemdoe limefurika. Langu ni kavu. Nikaona haya, nikasimama, nikaita, "Mama! Si vidonda vya tumbo!"

Sauti yangu ikafika ukingo wa jukwaa, ikaanguka sakafuni, pu. Kinaya akaiokota, akaipangusa vumbi, akanirudishia.

"Haya ulitakiwa uyaseme nyumbani," akasema bila ukali. "Hapa mhusika hasikii."

"Lakini ataondoka duniani bila kujua! Na kosa lake nini? Mhusika mkuu wa tanzia lazima awe na dosari. Mama yangu hana."

"Kweli hana," Kinaya akakubali. "Hebu tema."

Nikatema kiganjani. Kilitoka kitu kidogo, sawa na punje ya mahindi.

"Shikamoo, mwalimu," kikasema. "Mimi ndiye Dosari. Nimekaa chini ya ulimi wako tangu siku ile mliyotoka hospitali."

"Marahaba," nikajibu, maana malezi ni malezi.

"Basi mhusika mkuu ni wewe," Kinaya akasema, akatazama saa yake. "Na sasa ni zamu ya mpinduko."

Darasani huwa nasema mpinduko ni mambo kugeuka ghafla. Ukumbi ukageuka kweli, juu chini, mabeseni yakamwagika. Nikajikuta jukwaani, ungo mapajani. Mama yuko vitini, mstari wa mbele, upande wa wanaojua. Amesimama. Ananiita, mishipa ya shingo imemtoka, mdomo unafunguka na kufungika, nami sisikii hata neno. Nilimwonea huruma mno, na mimi mwenyewe nikajionea.

Nikaamka kumekucha. Mama alikuwa jikoni anachemsha chai ya tangawizi. Nikamwamkia. Akaitikia kwa sauti iliyokauka kabisa, nusu mnong'ono.

"Marahaba, mwanangu. Sijui nimepiga kelele wapi. Jana nililala koo likiwa zima."

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake.

"Mama," nikasema, "ulikuwa unataka kuniambia nini?"