Maziwa Yalipokuja

Loice alizikwa Mosocho kwa mume wake siku ya Jumatano. Alhamisi mtoto wake mchanga aliletwa Sironga, amefungwa shuka ya hospitali, sauti imemkauka kwa kulia. Mama yake Joash, huyo mume, alishafariki na dada zake wote wameolewa mbali, kwa hivyo watu wa Mosocho wakaomba mtoto akae kwa nyanya yake mzaa mama mpaka apate nguvu. Nyanya huyo ndiye Nyanchera, mke wa Angwenyi, mwanamke wa miaka arobaini na minne ambaye kitinda mimba wake alikuwa darasa la tatu. Mwaka ulikuwa 1968.

Hata nafasi ya kumlilia binti yake hakupata. Mtoto, aliyepewa jina la babu yake Ongeri, hakupatana na maziwa ya ng'ombe. Alikunywa akatapika. Wakayaongeza maji yaliyochemshwa, akaharisha. Joash, aliyekuwa karani wa duka la vitambaa mjini Kisii, akaleta maziwa ya unga ya kopo. Hayo yalimfunga tumbo siku mbili, kisha yakamfungulia yote kwa mara moja. Kufikia wiki ya tatu ngozi ya mapaja yake ilikuwa imelegea, na Nyanchera alikuwa akiamka kumwekea kiganja puani ahakikishe bado anapumua.

Asubuhi moja, kwa kuchoka tu, alifungua blauzi akampa titi kavu ili anyamaze. Mtoto alilishika akanyonya kwa bidii, macho ameyafumba. Hapo ndipo Nyamoita, mkunga wa kijiji, alipobisha na kuingia kwa pamoja kama desturi yake, na Nyanchera akajifunika haraka kama aliyeshikwa na kuku wa jirani.

"Usimtoe," Nyamoita alisema. "Mwache anyonye. Yatarudi."

"Yatarudi kutoka wapi? Mimi ni mzee."

"Titi halijui miaka yako. Linajua mdomo wa mtoto. Mpe kila saa, kushoto na kulia, usiku na mchana, hata kama hutoi kitu."

"Asipopata kitu si atakataa?"

"Ndiyo maana tutamdanganya kidogo. Niletee kijiko."

Nyamoita akachukua maziwa yaliyochemshwa, akayadondosha juu ya titi tone moja moja, yakateremka mpaka kwenye chuchu na kuingia mdomoni. Mtoto akadhani titi limetoa, akavuta zaidi. Wakamdanganya hivyo siku baada ya siku. Nyanchera aliyakanda matiti kwa kitambaa cha moto, akayakamua kwa vidole mtoto akilala. Alikunywa uji wa wimbi mpaka akauchukia. Alikula chinsaga, ile mboga chungu wanayopewa wanawake wa Kisii waliojifungua, iliyolala chunguni na maziwa ili ukali upungue. Nyamoita alimwambia bila kuficha kwamba uji na mboga ni vya kumpa nguvu yeye, maziwa ataitwa na mtoto. Nyanchera alikula tu. Angekula hata magome ya miti kama angeambiwa.

Wanawake wa kanisa, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuleta kikombe cha uji, walileta vicheko. Walimwuliza atajifungua lini. Angwenyi naye, mzee wa kanisa, mtu mwema mwenye kofia nzuri na uti wa mgongo wa mgomba, aliona aibu ya kutosha watu wawili.

"Fanya unavyofanya," alimwambia mkewe, "lakini jambo hili lisitoke jikoni."

Siku ya kumi na tisa Nyanchera alikamua akaona tone. Alilitazama kwa muda, akaliramba. Halikuwa maji. Wiki mbili baadaye kijiko kilirudi kabatini, na mtoto alikuwa akinyonya mpaka maziwa yanamwagika shingoni. Alinenepa, akapata mikunjo kwenye mikono, akaanza kucheka. Siku hiyo ya kucheka ndiyo Nyanchera alimlilia Loice, kilio cha wazi, mtoto akiwa bado kifuani.

Joash hakujua lolote. Angejuaje? Kati ya mama mkwe na mkwe kuna chinsoni, heshima yenye aibu ndani yake. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na habari za mwili hazitajwi kabisa. Kila mwezi alikuja na kopo la maziwa, akaketi sebuleni, akaletewa mtoto, akamkabidhi Angwenyi lile kopo. Angwenyi alishukuru, akaliweka juu ya kabati, na mgeni alipoondoka akalificha chini ya kitanda. Kopo la pili lilifuata la kwanza, na la tatu likafuata la pili.

Mwezi wa tano tangu mtoto aletwe, Jumapili asubuhi, Joash alikuja bila kutuma habari, na safari hii alikuwa na ami yake, Machogu. Nyanchera akiwa jikoni aliwasikia kupitia mlango ulio wazi. Machogu alisema Joash amepata dada mmoja, binamu yake, wa kumlea mtoto, mtoto mwenyewe amepata nguvu, na ni vizuri arudi kwa ukoo wake. Hakukuwa na ubishi. Ng'ombe wa mahari walishatolewa, mtoto ni wa Mosocho, na Nyanchera mwenyewe hakupata kusema vingine.

"Anakula nini?" Machogu aliuliza.

"Maziwa ya ng'ombe," Angwenyi alijibu, "na haya ya kopo mnayotuletea. Yanamkubali sana."

Mtoto akalia huko sebuleni, mikononi mwa baba yake. Kabla Nyanchera hajafikiri, maziwa yalichuruzika, yakalowesha gauni lake la Jumapili mpaka kiunoni. Alivuta leso akajifunika. Akamtuma kitinda mimba wake amwite baba.

Angwenyi alipotoka, Nyanchera alimshika mkono nyuma ya jiko, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Waambie. Akinyimwa titi kwa ghafla atarudi kule kule kwa kuhara. Wamwache miezi michache tu, au waniruhusu niende naye."

"Uende kukaa kwa mkwe wako? Unajua unachosema?"

"Basi mwambie Machogu peke yake. Joash asisikie."

Angwenyi alitazama lile gauni lililolowa, akatazama kando. "Nitamwambia nikiwasindikiza," alisema.

Nyanchera alimnyonyesha mtoto mara ya mwisho akiwa amesimama, mgongo kwa mlango, kwa sababu walikuwa wanangoja. Alimpa kushoto na kulia. Ongeri alisinzia kwa shibe, akatolewa, akaenda. Hatua zilikuwa kumi kutoka jikoni hadi sebuleni. Alizijua, alizitembea kila siku. Ulimi wake ulikuwa na maneno tayari, na mara mbili aliufikia mlango, na mara mbili aliona viatu vya mkwe wake akarudi. Alijichukia kwa kurudi, na bado alirudi.

Angwenyi aliporejea kutoka barabarani, mkewe alimwuliza neno moja tu.

"Umemwambia?"

Mume alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Joash hakutuacha hata hatua moja," alisema. "Ningeanzaje?"

Siku zilizofuata Nyanchera aliyalinda maziwa yake. Kila saa aliyokuwa akimnyonyesha mtoto, alikwenda nyuma ya nyumba akakamua kwenye kikombe, akamwaga chini ya mgomba, kwa sababu Nyamoita alimwambia titi likiachwa siku chache hufunga. Aliendelea na uji, akaendelea na chinsaga. Alitaka watakapomrudisha mtoto akute yamemngoja. Mara tatu alimwomba mumewe ruhusa ya kumtuma Nyamoita Mosocho, maana mkunga hana chinsoni na mtu, na mara tatu Angwenyi alisema wangoje kidogo, mtoto huenda amezoea, na je, anataka soko zima la Mosocho lizungumzie matiti ya mke wa mzee wa kanisa?

Siku ya kumi na mbili Nyamoita alijifunga leso akaondoka alfajiri bila kumwuliza yeyote. Alifika Mosocho saa nne. Wanaume walikuwa wakichimba kaburi dogo kando ya lile la Loice, ambalo udongo wake haukuwa umeota majani sawasawa.

Yule dada hakuwa mtu mbaya. Alichemsha chupa, alipima unga, alikesha naye. Mtoto aliharisha siku sita, wakampeleka hospitali siku ya saba, amechelewa. Yote hayo Joash alimweleza Nyamoita akiwa amekaa chini. Ndipo Nyamoita, kwa uchungu, akamwambia kila kitu: kijiko, tone, kikombe, mgomba.

Juma lililofuata Joash alikuja Sironga peke yake. Hakuingia sebuleni na hakumsalimia Angwenyi, aliyekuwa amesimama uani na kofia mkononi. Alizunguka mpaka nyuma ya jiko, akaupa ukuta mgongo, akatazama migomba. Nyanchera alikuwa ndani, upande wa pili wa udongo huo. Alimjua kwa viatu alivyoviona vikipita kwenye nafasi ya chini ya mlango.

"Mama," Joash alisema. Hakuwa amewahi kumwita moja kwa moja. "Mama, ungesema tu. Ningefumba macho."

Nyanchera aliiachia sufuria. Alikaa chini palepale, penye majivu, akaweka paji la uso ukutani. Wangekuwa wanatazamana kama si udongo huo na ule mgongo.

"Niliogopa, mwanangu," alisema.

"Hata mimi nilimsikia akilia usiku ule wa kwanza, akitafuta kifuani mwangu. Sikujua anatafuta nini."

Angwenyi aliingia nyumbani, akarudi na makopo ya maziwa ya unga kutoka chini ya kitanda, akayapanga kwenye nyasi karibu na miguu ya mkwe wake, moja baada ya jingine, yote mazima. Kisha akaingia ndani.

"Bado yanatoka?" Joash aliuliza, sauti ya chini sana.

Lilikuwa swali ambalo mkwe hamwulizi mama mkwe popote katika nchi ya Kisii. Nyanchera alilijibu.

"Yanatoka," alisema. "Asubuhi hii nimejaza kikombe."