Kasri la Mwenyekiti

Tangi la samaki halihamishwi kama kabati. Kabati mnalikamata huku na huku, mnahesabu moja mbili tatu, mnatoka nalo mlangoni mkigombana. Tangi unaanza kulihamisha jana yake: samaki hawali, ili wasichafue maji ya safari. Asubuhi unachota maji yao yaleyale ya zamani, ndoo tatu, na wenyewe unawahamishia humo. Sifongo ya chujio haioshwi, inasafiri imelowa. Kokoto unaziacha mwisho. Na ole wake atakayejaribu kunyanyua kioo kikiwa bado na maji.

Haya yote nilifundishwa na mamdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, ambaye hajakanyaga nyumbani kwetu miaka tisa.

Tangi lilikuwa lake. Alikuja nalo alipohamia kwetu kusomea ushonaji, akaliweka sebuleni juu ya meza ya chuma. Ndani mlikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa. Yule mnene tulimwita Mwenyekiti, na mwembamba tukamwita Karani, maana kazi yake ilikuwa kumfuata mwenzake kila aendako. Katikati lilisimama kasri la plastiki lenye minara miwili.

Mama hakulipenda. "Ukungu wa kijani sebuleni kwangu!" Kila tulipotarajia wageni alikunja mikono ya gauni, akainama, akazamisha mkono mpaka juu ya kiwiko, akang'oa kasri, akaenda kulipiga brashi jikoni. Kisha alilirudisha kwa kulikandamiza kwenye kokoto kwa kiganja, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa kupita kiasi. Mamdogo akirudi analalamika, mama anacheka. "Samaki wako nao wajue kuna usafi."

Kisha ikapotea hereni.

Zilikuwa mbili, za dhahabu, ndogo, umbo la jani. Marehemu bibi alimwachia binti yake mkubwa, yaani mama. Siku moja walikuja mashemeji, na walipoondoka mama akakuta sikio lake la kulia tupu. Tulitambaa chini ya viti, mamdogo akiwa nasi, tukakung'uta mazulia, tukachokoa mpaka bomba la sinki. Siku ya tatu mama akalifungua sanduku la mdogo wake mbele ya baba na mbele yangu. Alitoa nguo moja moja, mpaka za ndani.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, na mdomo usio na breki. "Mama, nani anaiba hereni moja? Kwani mamdogo ana sikio moja?"

"Anaiba moja yule anayejiona ana haki ya nusu," alijibu mama, macho hayabanduki usoni kwa mdogo wake.

Mamdogo hakulia. Alizirudisha nguo zake, akafunga sanduku, akaniambia kwa jina alilonipa kwa ajili ya domo langu, "Kasuku, kokoto usije ukaziosha kwa sabuni," akaondoka. Neno la mama likamtangulia kwa ndugu wote. Kwenye harusi, kwenye misiba, kila lilipotajwa jina lake kulikuwa na mtu wa kuuliza kwa kicheko: "Nani, Nusu?"

Tangi likabaki kwangu. Mama hakuligusa tena. Mimi nilifyonza uchafu kwa mpira kulizunguka kasri bila kuling'oa, kwa sababu Mwenyekiti alikuwa amejitwalia upande wake mmoja kuwa kitanda.

Jumamosi iliyopita tukahama. Dereva wa lori, mwanamume mwenye tumbo la heshima, alisimama mbele ya tangi mikono kiunoni.

"Dada, hiki kibwawa nacho kinakwenda?"

"Kinakwenda, na ndoo ya samaki inakaa mbele. Wewe tafuta pa kukaa."

"Nimehamisha mbuzi, nimehamisha mama mkwe. Samaki wazima, hapana. Wana tiketi?"

Nikacheka. Ndiyo mara ya mwisho niliyocheka siku hiyo. Mwenyekiti na Karani walikuwa tayari kwenye ndoo, kifuniko nimekitoboa. Nikazamisha mkono kwenye maji machache yaliyobaki, nikaling'oa kasri. Lilitoka kwa shida, uvungu wake umeshindiliwa kokoto. Nilipozichokoa, katikati yake kitu kikamemeta. Nikadhani ni karatasi ya peremende. Nikakisugua kwa kidole gumba.

Jani.

Nikakaa chini pwaa kwenye sakafu iliyolowa.  

"Umekatwa na kioo?" dereva aliuliza.

Mama akaja na fagio mkononi, akatazama kiganja changu. Mkono wake ulikwenda wenyewe sikioni, sikio la kulia, ukabaki hapo. Baba, aliyekuwa amebeba mto wa kochi, aliuweka chini polepole kana kwamba ungevunjika.

"Ilikuwa ndani ya kasri," nilisema. "Imekandamizwa humo."

Hakuna aliyeuliza ni nani alikuwa akilikandamiza.

"Nipe," mama alisema. Akaichukua, akaifumbata. "Tumalize kuhama. Hili nitalisema mwenyewe, siku yake ikifika."

"Siku ipi?"

"Nimesema siku yake! Na lisitoke humu ndani. Wewe dereva, hujaona kitu."

"Mimi nimeona samaki tu, mama," dereva alisema, macho kwenye dari.

Nilimtazama baba. Baba alitazama mto.

Hapo nikajua hiyo siku haipo. Hereni ingezikwa kwenye boksi moja na vijiko, na mamdogo angekufa akiitwa Nusu. Nikatoa simu, vidole bado vinatona maji ya tangi, nikapiga, nikaweka spika, nikailaza juu ya meza ya chuma.

"Kasuku?" Nyuma yake cherehani ilinguruma, ikanyamaza.

"Mamdogo, tunahama. Nimeng'oa kasri. Hereni ya bibi ilikuwa humo. Mama anayo mkononi sasa hivi, na baba ameiona."

 

"Rudia."

Nikarudia.

"Kasri alilokuwa akiliosha yeye."

"Hilohilo."

Alianza kucheka, akaacha. "Dada," akasema, wala hakuwa ananiita mimi. "Dada, upo?"

Mama alikuwepo. Akaipa simu mgongo. 

"Haya," mamdogo alisema. "Samaki wazima?"

"Wazima. Wako kwenye ndoo."

"Basi usiwacheleweshe." Akakata.

Mama alinigeukia, uso umemshuka. "Umenivua nguo mbele ya mtu baki. Mimi, mama yako mzazi. Niombe radhi, hapa hapa, baba yako akisikia."

"Mwambie samahani, mwanangu," baba alinong'ona. "Lori linasubiri."

Nilinyanyua ndoo kwa mikono miwili. Mle ndani Mwenyekiti aligonga ukuta wa plastiki mara moja, akatulia.

"Sanduku la mamdogo nalo lilifunguliwa mbele ya watu," nilisema. "Mtu wa kuombwa radhi amekata simu sasa hivi, na namba yake unayo, mama. Mimi siombi."

"Unasemaje?"

"Siombi radhi. Hapa siombi, na huko tunakohamia siombi."