Msiba Uliotutangulia Barabarani

Mimi ndiye niliyeandaa safari ya basi kwenda kwenye mbio za farasi za Galway, kwa hiyo lawama zote za siku ile nilibebeshwa mimi. Wanawake wa Kilbrack tulivaa kofia zenye manyoya kwa ajili ya shindano la mavazi. Shemeji yangu Malachy, aliyekuwa mume wa marehemu dada yangu, alivaa suti yake ya harusi.

Mwaka mzima alimkataza binti yake Riona kupanda farasi wa mashindano. Aliapa hatakanyaga uwanjani kumtazama akivunjika shingo. Sasa Riona alikuwa anashindana kwa mara ya kwanza, tena katika mbio za kufungulia siku, na mzee alikuwa amekimeza kiapo chake. Binti mwenyewe hakujua kwamba baba yake anakuja.

Tulipovuka daraja, mbele yetu likatokea gari la maiti, likienda polepole na msafara mfupi nyuma yake.

"Wapite basi," nikamwambia Fintan, dereva wetu.

Alinitazama kama nimemwambia ampige padri kofi. "Niipite maiti? Mimi? Shangazi, una wazimu?" Akazima redio.

Kwetu hakuna anayeipita maiti njiani, hata kama nyumba yake inaungua. Tukafuata. Gari likasimama mbele ya nyumba ya marehemu, maana lazima aage kwake. Kizee mmoja akapenyeza mkono dirishani kwa Fintan.

"Poleni sana kwa msiba."

"Asante, mzee," Fintan akajibu, mjinga yule, na machozi yakamlengalenga.

Likasimama tena mbele ya baa ya marehemu. Kisha kwenye shamba lake. Wafiwa wakawa wanageuka kuzitazama kofia zetu, na mmoja akasema kwamba marehemu hakuwahi kutaja jamaa matajiri hivi.

"Na huyu naye alikuwa na mahali pengi pa kuaga," Malachy akanung'unika. Kisha akashuka. Nikamkimbilia, nimeshika kofia isipeperuke.

Mjane, Bi Hanrahan, alikuwa ndani ya gari lililofuata jeneza.

"Pole kwa msiba, mama," Malachy akamwambia. "Nisamehe. Binti yangu anapanda farasi Galway, mbio za kwanza. Nilimwambia sitakuja..."

Bi Hanrahan akapenga kamasi. "Siku ya harusi yetu Colman alinisimamisha kanisani mpaka miguu ikavimba. Unajua alikuwa wapi? Kwenye mbio hizo hizo!" Akatoa kichwa dirishani, akampigia kelele dereva wa gari la maiti. "Wewe! Kanyaga mafuta! Leo huyu atawahi kanisani, atake asitake!"

Sijawahi kuona msiba ukikimbia namna ile. Mashada ya maua yalirukaruka, kuku walitawanyika, na Fintan alikuwa anaendesha huku anajipiga ishara ya msalaba. Penye lango la kanisa wao wakakata kona, sisi tukanyoosha. Mama yule akatupungia leso.

Tulifika farasi wakiwa wanatoka kuelekea mahali pa kuanzia. Malachy aliwasukuma watu mpaka akafika kwenye uzio. Riona akapita, uso umempauka, akamwona.

"Baba?"

"Kaa sawa juu ya hilo tandiko, umepinda!" mzee akafoka.

Riona akacheka, akajinyoosha. "Sawa, baba."

Mbio zikaanza, na Malachy akafumba macho. Baada ya vurugu zote zile! Akanikaba mkono mpaka vidole vikaniuma.

"Bado yuko juu?"

"Yuko juu."

"Wameruka kizuizi? Yuko juu?"

"Wameruka. Yuko juu, shemeji."

Nani alishinda siku ile sikumbuki. Nakumbuka Riona alipita mstari wa mwisho nyuma ya karibu wote, matope mpaka kwenye nyusi, na mimi nilikuwa nalia na kupiga kelele kwenye sikio la shemeji yangu: "Fumbua sasa, Malachy. Fumbua, bado yuko juu."