Nguo Ambazo Hazikuwa Chafu

…na hiyo ni hapana ya kumi na tisa, nimeiandika ndani ya kisanduku, na tarehe juu, Jumapili 3 Agosti 1997, mama Pelagia haji mtoni kupumzika, anakuja kufua, wote kumi na tisa wanafua au wanachota maji au wananywesha ng'ombe, na kesho saa mbili fomu zitakuwa mezani kwa Bwana Silvester wa ofisi ya ardhi, atasema si unaona Lucia, hakuna anayepumzika hapo, tuweke uzio, tugawe viwanja mpaka kwenye maji, na sahihi itakuwa yangu, mimi niliyejifunza kuogelea hapa hapa chini ya daraja… "Dada wa karatasi, bado tu unaandika?" huyo ni Kabula, yule Msukuma mwenye ndoo ya njano, na Pelagia anamjibu kabla yangu, "Mwache, anatafuta mchumba humo," wanacheka, nami nacheka kidogo, labda nimeuliza vibaya, hapana, swali lilieleweka, mama Pelagia alinijibu wazi, nikae tu mtoni bila nguo za kufua, mama mkwe si atasema mwanawe ameoa jiwe… na kanga yake pale juu ya nyasi, ngoja, ile ya maua mekundu, ndiyo aliyoivaa misa ya kwanza leo, alikaa benchi la mbele yangu, ilikuwa imepigwa pasi, kwa nini mtu afue kanga safi… mama yangu naye, kila Jumapili alitoa sandukuni shuka ambalo hakuna aliyelilalia, akalisuuza, akalitandaza, akakaa miguu majini mpaka jua lipungue, baba akiuliza anasema nilikuwa nafua, nami nilijua, nilikuwa na miaka sita na nilijua, nimekuja kusahau nilipofika chuo kikuu… "Nyie na ng'ombe wenu, mtaufuga hata mto," Pelagia anamtania Kabula, "Tutaufuga, na maziwa hatuwapi," Kabula anamrudishia, kanga imekauka, inapepea, hakuna anayeiangalia, saa yangu ni tisa na dakika kumi, ilianikwa saa saba na nusu, jua hili halihitaji hata saa nzima, na Pelagia bado ana miguu majini… nageuza fomu, napiga mstari kwa ukingo wa daftari, safu mbili, nguo zimekauka saa ngapi, mwenyewe ameondoka saa ngapi, Bwana Silvester anapenda namba, atazipata, nitamwomba Jumapili tatu zaidi, atakunja uso, lakini nitaomba, nikiwa nimesimama mbele ya meza yake nitaomba… "Mwanangu, njoo huku, hapo juani utaungua," Pelagia anasogea kidogo juu ya jiwe, ananiachia nafasi, navua kiatu kimoja, nasita, wataniangalia, mtu mzima na kazi yake ya serikali, natafuta ndani ya mkoba, ipo, leso nyeupe, imekunjwa mara nne, haijatumika… "Nakuja, mama," nasema, "nina leso ya kufua."