Mimba ya Mgongoni

Haya kanihadithia Mwantum mwenyewe, mwaka juzi tukipeta mpunga kwake Salale, naye kayaanzia katikati: mwezi wa kumi wa eda, anatoka mlango wa mbele kwenda wa uani, wa uani kurudi wa mbele, tumbo limetangulia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, matajiri wa mjini wakigombea kamba wabichi kwa masanduku ya barafu. Wenzake wote walikuwa matopeni wakiwavua. Yeye ndani, kajifunga kaniki ya msiba. Mumewe Kondo alikuwa amekufa kwa homa, na arubaini haijafika tumbo likaanza kuonekana. Mjane mtupu hukaa miezi minne na siku kumi. Mwenye mimba hukaa mpaka ajifungue. Basi kakaa.

"Tulia, utamchosha mtoto," alisema mkwewe, Bi Mashavu, akisuka ukili. Ndiye mkunga wa kijiji, na Kondo alikuwa mwanawe wa pekee.

"Mama, mtoto gani huyu hachezi?"

"Kajificha mgongoni. Babake naye mvivu hivyo hivyo, hata kuzaliwa alichelewa."

Mwantum akacheka, ubavu ukamchoma, akakaa. Akasimama tena. Wali matonge mawili yalimtosha. Kulala, alilala ameketi. Alitaka kitu kimoja tu, ajue amebeba nini. Kama ni mtoto, atangoja. Kama si mtoto, basi anangoja kufa.

Asubuhi ile ikafika boti ya chanjo, na nesi Honorata, mtu wa bara, akapita nyumba kwa nyumba. Alipomwona Mwantum akamlaza mkekani, akatoa kipembe cha mbao cha kusikilizia watoto tumboni, akaweka sikio. Akahamia kushoto. Akahamia chini. Kimya.

"Mwezi wa ngapi?"

"Wa kumi toka afe mume wangu, na unakatika," alijibu Mwantum.

"Wengine huchelewa," alidakia Bi Mashavu. "Nyie wa bara mna haraka."

"Kweli tuna haraka, bibi. Umezalisha wangapi?"

"Nusu ya Salale. Nusu nyingine wamenizidi umri."

Honorata akasogea pembeni. "Basi likande wewe. Mikono yangu haijafika ilipofika yako."

Bi Mashavu akajipaka mafuta ya nazi viganjani. Akakisukuma kile cha ndani kulia, kikaenda. Kushoto, kikaja. Akakisukuma juu, kikagoma. Chini, kikagoma. Akatafuta kichwa. Akatafuta mgongo. Akarudia tangu mwanzo, polepole, na Mwantum hakuitazama mikono, aliutazama uso.

"Toka mwezi wa tano ndivyo kilivyo," alisema Bi Mashavu. "Nilijua hakina kichwa."

"Ukaninyamazia, mama?"

"Nilijinyamazia mimi, mwanangu. Wewe ulikuwa karibu tu."

Honorata akasema uvimbe wa hivyo yeye ameusoma, hajapata kuuona. Alidhani ni mfuko wa maji, umeota kwenye utando unaoshika utumbo, ndiyo maana unayumba ubavuni na haupandi. Hospitali wangempiga picha, wampasue. Boti ingeondoka maji yakijaa.

"Na eda?" aliuliza Mwantum.

Bi Mashavu alikuwa keshafungua kasha, anamchagulia kanga ya rangi. "Iliisha zamani. Inuka."

Yaliyofuata Mwantum kaambiwa na mwanamke wa kitanda cha pili, maana mwenyewe alikuwa bado kwenye dawa ya usingizi. Daktari alitoka chumba cha upasuaji, akaja wodini na beseni: mfuko mkubwa kama kichwa cha mtu, ndani maji meupe kama tui, na hakuona humo dalili ya saratani. Bi Mashavu akaomba aushike. Akaugeuza, akaugeuza tena, akaurudisha, akaenda kunawa. Alikaa kunawa kitambo.

"Huyu nani wako?" aliuliza yule mwanamke Bi Mashavu aliporudi, akimwonyesha Mwantum.

"Mwanangu."

Akatandika kanga sakafuni, mchana kweupe, akajilaza chini ya kitanda cha Mwantum. Macho yakakaa wazi muda mrefu, yakitazama godoro lilivyobonyea kwa uzito wa mtu. Mkono mmoja akaupandisha, akashika ncha ya shuka. Kisha vidole vikalegea, naye akalala.