Rubani Kengeza Namba Kumi na Mbili

Wiki ile Fundi Fremu alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anakaa, anasimama, anatoka mpaka mlangoni mwa karakana, anachungulia barabara isiyokuwa na habari naye, anarudi ndani. Jumanne alikata kioo cha picha ya harusi kikapungua upana wa kidole. Akakata cha pili, nacho kikapungua vilevile, na mwenye harusi akamuuliza kwa upole kama siku hizi anapima kwa macho. Fundi akacheka, akaomba radhi. Angemwambia nini? Kwamba mtu mzima mwenye mvi ndevuni hapati usingizi kwa ajili ya kitabu cha katuni?

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Maradhi yake yalikuwa na jina: Rubani Kengeza, katuni za kale zilizochapwa kwa lugha ya kigeni enzi za utoto wake, juu ya rubani mwenye makengeza ambaye kila akitaka kutua huona viwanja viwili, akachagua kile kisichokuwepo. Mchapishaji alishafunga duka zamani. Fundi alikuwa navyo vitabu vyote isipokuwa namba moja, kile cha kwanza kabisa, na nakala pekee ya namba hiyo aliyopata kuiona kwa macho yake ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, kabatini kwa Glavu.

Huyu Glavu alikuwa mfamasia mstaafu. Mitaani watu walimwita daktari, na yeye hakuwahi kumsahihisha mtu. Jina la Glavu alipewa na wenzake wa Jumapili, kwa kuwa hagusi katuni bila kuvaa glavu nyeupe, hata ikiwa yake mwenyewe. Wenzake hao walikuwa watu wazima wachache, wenye kazi na familia zao, waliokutana kila Jumapili mchana nyuma ya duka la fotokopi kubadilishana katuni kuukuu. Pesa haikuruhusiwa kufika pale mezani. Ilikuwa kitabu kwa kitabu, na kwa sheria hiyo Glavu, mkono wa birika, alikuwa ameikalia namba moja miaka nenda miaka rudi, akikataa kila alicholetewa.

Jumapili iliyopita ndipo alipolegea. Panya walikuwa wameingia kabatini mwake wakaitafuna namba kumi na mbili, na bila hiyo alikuwa hali akashiba.

"Niletee kumi na mbili safi," alimwambia Fundi mbele ya wote. "Safi kama ilivyotoka mtamboni. Ukiileta, namba moja ni yako."

Namba kumi na mbili Fundi alikuwa nayo. Ilikuja na mkewe. Siku walipohamia pamoja bibi huyo alileta katoni la katuni alizosoma na mdogo wake walipokuwa watoto, akalisukuma kwa mguu mpaka mbele ya bwana arusi, akamwambia haya, chukua maradhi yako. Na katika katoni lile kumi na mbili ilikuwa malkia: jalada halijapauka, pini hazina kutu, kona zote kali. Tatizo lilikuwa ndani. Juu ya maneno yote yaliyochapwa, baba mkwe, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa ameandika kwa penseli maneno ya lugha ya nyumbani ili binti zake waweze kusoma. Alianza ukurasa wa kwanza, hakuacha mpaka wa mwisho.

Mtu mwingine angeona pale baba na wanawe. Fundi aliona uchafu, na tusimtetee.

Alhamisi alirudishia mlango wa karakana, akakifungua kitabu kwenye meza ya kukatia vioo. Akachukua nyama ya mkate mweupe, akaifinyanga mpaka ikawa donge laini, akaanza kuizungusha juu ya maandishi taratibu, kama alivyozoea kusafisha picha za watu za kale. Palipokaidi akatumia raba, kisha brashi. Alifanya kazi safi mno, labda safi kuliko zote alizowahi kufanya, na mikono yake ilifurahia kuifanya. Akili ndiyo iliyokuwa na kesi. Alijiambia kwamba mzee alitafsiri tu, maneno yenyewe yapo, yamechapwa. Alijiambia kwamba mkewe leo ni karani katika kampuni ya mizigo, lugha ile anaizungumza kutwa kwenye simu, penseli ya nini tena? Isitoshe, katoni alipewa, na aliyepewa kapewa. Hoja zote zilisimama vizuri. Ila kila alipopuliza makombo ya mkate alitega sikio kwenye korido inayounganisha karakana na nyumba, asikie kama kuna nyayo, na mwenye haki hana sababu ya kusikiliza nyayo za mkewe.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Ya bwana huyu yalikuja kama mtoto njiti, kabla ya siku zake.

Jumamosi shemeji yake, yule mdogo wa mkewe, alikuja kulala. Wanawe walikuwa wameanza kujua kusoma, na alitaka kuwaazimia Rubani wa Babu yao. Mkewe akapaza sauti kutoka sebuleni, akimtaka Fundi alete namba kumi na mbili. Fundi akajibu kwamba ameshaifunga vizuri, itachafuka. Mkewe akasema basi aifungue. Uongo wa maana haukumjia; ulikuja baadaye, kama kawaida yake, wakati hauna faida. Akakileta kitabu, akakiweka mezani, akabaki amesimama akipangusa mikono isiyokuwa na kitu.

Wale wawili walikuwa wameshaanza kucheka kabla ya kufungua. Mkewe akafungua ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili. Akapeleka kurasa harakaharaka mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akakisogeza kitabu karibu na macho.

"Yako wapi maandishi ya Baba?"

Fundi akasema amekisafisha. Angeishia hapo lingekuwa kosa moja, lakini aliendelea kusema. Akaeleza habari za Glavu na panya wake, akaeleza namba moja, akaeleza jinsi penseli inavyokishusha kitabu hadhi. Akamalizia kwamba hadithi haijaguswa hata kidogo, watoto wasomewe tu kilichochapwa.

"Ni maneno yaleyale," akasema.

Mkewe akamtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Fundi.

"Baba hakuijua lugha hiyo," alisema. "Hata neno moja. Alitazama picha, akatunga."

Shemeji ndiye aliyemweleza yaliyobaki. Wao wenyewe waligundua walipofika sekondari na kuanza kuielewa lugha ile. Katika kitabu kilichochapwa, ndege ya Rubani inaharibika jangwani, inatengenezwa, lakini mafuta hayatoshi kubeba watu wawili. Rubani anamwacha makanika wake mchangani, anaondoka, na anafanya mzaha juu ya wepesi wa ndege. Picha ya mwisho ni ndege ndogo angani, kwa mbali, huwezi kujua inakwenda au inakuja. Kilichochapwa kinasema inakwenda. Baba yao aliandika kwamba inarudi, Rubani amepata mafuta, anamfuata mwenzake.

"Mwaka ule Mama alikuwa amelazwa, mji wa mbali," shemeji alisema. "Kila siku tulikuwa tunamuuliza Baba kama atarudi."

Mama yao hakurudi. Hilo Fundi alilijua tangu enzi za uchumba. Alilisikia sasa kama habari mpya, na aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni.

Mkewe akakifunga kitabu, akakisukuma mpaka mbele ya Fundi. "Kesho nenda ukabadilishane," alisema. "Sasa ni chako kweli. Humo hamna chetu tena."

Jumapili alikwenda. Usiulize kwa nini. Nyumba ilikuwa kimya mpaka vijiko vilisikika, na miguu yake ilijua njia moja tu siku ya Jumapili. Hata njiani aligeuka mara kadhaa, akaenda, akasimama, akaenda tena. Alipofika nyuma ya duka la fotokopi namba moja ilikuwa tayari mezani ndani ya mfuko wake, na moyo wake, usio na haya, ukaruka kama kawaida.

Glavu akavaa glavu zake. Akakagua jalada, akakagua pini, akazihesabu kurasa. Kisha akaenda dirishani na kukilaza kitabu kwenye kiganja usawa wa jicho, mwanga ukipita juu ya karatasi kwa ubavu.

"Hiki kimefutwa," akasema. "Penseli imetoka, lakini mifereji yake ipo. Aliyeandika alikuwa na mkono mzito."

"Alikuwa seremala," Fundi akajibu, bila kufikiri.

Mezani watu wakaguna. Kuleta kitabu kilichofutwa ukakiita safi, pale kwao, ni sawa na wizi, na mmoja alisema hivyo waziwazi. Fundi hakumsikia. Alikuwa ameshafika dirishani, ameinamisha kichwa karibu na bega la Glavu, na kwenye mwanga wa ubavu aliziona: herufi za kivuli, moja baada ya nyingine, juu ya vichwa vya Rubani na makanika wake. Yeye alishindwa kuziunganisha. Glavu, aliyekula chumvi nyingi akisoma miandiko ya madaktari, hakushindwa.

"'Usihesabu mchanga, Makanika,'" akasoma polepole. "'Hesabu vituko vyangu. Kabla hujavimaliza nitakuwa hapa.'"

Mmoja akacheka. Glavu akafungua ukurasa uliofuata, akakigeuza kitabu kidogo, akasoma huo kwa sauti ya chini. Ukurasa wa baada ya huo hakuusoma kwa sauti kabisa. Midomo tu ndiyo ilikuwa ikicheza. Suala la wizi lilikuwa limemtoka, na namba moja ilikuwa imelala mezani haina mtu wa kuitazama. Fundi akanyoosha mkono.

"Ngoja kwanza," Glavu akasema, macho hayabanduki. "Sijajua kama anarudi."

"Anarudi, Daktari," Fundi akasema, na akakitoa kitabu mikononi mwa Glavu, namba moja akaiacha palepale mezani.

Alirudi nyumbani kwa mwendo ambao si kutembea wala si kukimbia. Mkewe na shemeji walikuwa sebuleni wakikunja nguo. Hakuomba msamaha, neno lenyewe aliliona jepesi mno kwa mzigo ule. Alivuta kiti cha mkewe mpaka dirishani, ambako jua la alasiri lilikuwa linaingia kwa upande, akakifungua kitabu na kukilaza usawa wa macho yake. Mkewe akaangalia pembeni. Akaendelea kuangalia pembeni kwa muda, shati la mtu mikononi. Halafu akainama.

Kisha Fundi akamwona akivuta pumzi.

"Inua upande huu kidogo," alisema. "Hapohapo. Usitikisike."

Akamwita mdogo wake, naye akaja na nguo yake begani, wakagongana vichwa juu ya karatasi. Pengine walisoma, pengine walibishana, pengine mkewe alikumbuka kwa moyo kile ambacho mkate ulikuwa umekimaliza kabisa, maana kurasa nyingine Fundi alizisugua mno. Kumsamehe hakumsamehe siku ile, wala hakujifanya. Alimwambia tu geuza ukurasa, na Fundi akageuza. Mtu aliyeshindwa kutulia wiki nzima alisimama pale dirishani ameshika kitabu mpaka mkono ukafa ganzi, na hakuthubutu kubadilisha mkono.