Kishikwambi cha Mwalimu wa Kwaya

Kishikwambi cha Mama Kinanda kilizimika dakika tano kabla ya onyesho, watu wameshafurika ukumbini hadi mlangoni. Kosa lilikuwa lake: hakukichaji tangu jana, na chaja ameisahau nyumbani. Zamani angekuja na faili lake la karatasi na yasingemkuta hayo, lakini mwalimu wa kwaya ndiye aliyeng'ang'ania kwamba sasa nota zote zisomwe kwenye kioo.

Mwalimu huyo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na hakuwa na nafasi hata ya kumlaumu.

"Chukua changu, dada," alisema, akakipachika kwenye kishikio juu ya kinanda na kuunganisha kanyagio la kufunulia kurasa. "Mimi nyimbo zote ninazo kichwani. Haya, kaa, tunaanza."

Wimbo wa kwanza ulikuwa mwepesi, ukapita salama. Mama Kinanda alijisikia raha. Miaka miwili nyuma kiharusi kilimlaza miezi mitatu, kikamwachia vidole viwili vya mkono wa kushoto vizito kama vya mtu mwingine. Siku aliyorudi mazoezini aliapa mbele ya wote kwamba vidole vikimshinda ataondoka mwenyewe, asingoje kuambiwa. Wakamhakikishia kwamba amerudi kama zamani, tena kwa makofi. Kweli, kwenye spika ndogo ya miguuni alisikia mara mojamoja nota iliyoteleza, lakini kwenye spika kubwa za ukumbini kinanda kilitoka safi. Basi akajiambia ni masikio yake tu.

Ukafunguka wimbo wa pili, na juu ya ukurasa palikuwa na maandishi mekundu. Mwandiko aliujua, maana yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kushika kalamu.

"Kuanzia hapa hadi mwisho: fundi mitambo azime kinanda cha dada ukumbini. Spika ya miguuni iachwe, asigundue."

Alidhani amesoma vibaya. Akasoma tena, vidole vikiendelea vyenyewe. Mguu ukabonyeza kanyagio, ukurasa ukafunuka, na wekundu mwingine ukamngoja pale: "Mpwa wangu apige sehemu ya mama yake, kama kawaida."

Kama kawaida? Kawaida ya tangu lini?

Mpwa huyo alikuwa bintiye wa pekee. Alikaa kwenye kinanda cha pili, upande wa pili wa jukwaa, eti apige sauti za fidla. Mara ngapi mama mtu alimtania, "Mbona fidla zako sizisikii?" na binti akacheka na kugeuza mazungumzo! Karibu miaka miwili mizima Mama Kinanda amevishwa kilemba cha ukoka, na waliomvisha ni ndugu yake na mwanawe wa kumzaa.

Hasira ikampanda hadi utosini. Hapana, hawezi kuwa amechezewa hivyo. Kama kinanda kinachosikika ukumbini ni chake kweli, akiacha kitanyamaza. Katikati ya ubeti akainua mikono yote miwili, akaiweka mapajani.

Spika ya miguuni ikanyamaza. Kinanda cha ukumbini kikaendelea.

Kiliendelea bila kuyumba, nota zilezile alizozipanga mwenyewe, hata zile za haraka za mkono wa kushoto alizokuwa akijisifia kwamba kiharusi hakikumnyang'anya. Mama Kinanda akapigwa na butwaa. Aliona aibu, kisha akaona uchungu, kisha hakujua anaona nini.

Mwanamke wa safu ya mbele akamgusa mwenzake na kumwonyesha ile mikono iliyolala mapajani. Mnong'ono ukaenea viti vyote. Mwalimu wa kwaya akageuka kuona kulikoni. Akaiona mikono, akakiona kishikwambi, akakumbuka ni cha nani. Mkono wake ukaganda hewani, na waimbaji wakaendelea wenyewe bila wa kuwaongoza.

Mama Kinanda akasimama.

Ukumbi mzima ukaguta: mpigaji kasimama, kinanda kinalia! Alivuka jukwaa polepole, akipita mbele ya mdogo wake bila kumtazama, hadi kwa bintiye. Binti alimwona anakuja. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, lakini vidole havikukosea hata nota moja. Mama aliviangalia kwa muda. Ndivyo hasa alivyomfundisha.

"Mama, tuliogopa utaacha kabisa," binti alinong'ona. "Tuliogopa utakaa tu nyumbani..."

"Na ningeacha kweli," alijibu mama. "Si niliapa?"

Ukurasa ulikuwa unakwisha kwenye kishikwambi cha binti, na mguu wake ukalikosa kanyagio mara mbili. Mama Kinanda akasogea kushoto kwake, pale ambapo binti mwenyewe alikuwa akisimama utotoni kumfunulia karatasi. Akanyoosha kidole kimoja kati ya vile vizito, akakigusa kioo.

"Piga," alisema. "Kurasa niachie mimi."